Usiwashe gari kwanza

Pole sana kaka. Umesema umerudi Raskazoni, Tanga, ukakuta paa la Hiace yako ya kulala safarini limevuja masika yote, na panya wamehamia ndani. Usiwashe gari kwanza! Chomoa waya wa hasi wa betri, maana waya uliotafunwa ukigusa bodi unapiga shoti, na shoti ni moto. Piga picha kila kona kabla hujagusa kitu, ndipo uwapigie watu wa bima. Kama una bima ndogo tu, ile ya kulipa hasara za watu wengine, hasara hiyo ni yako. Bima kubwa nayo soma masharti yake kuhusu panya.

Yangu niliiacha Chumbageni miezi minne. Godoro lilikuwa kavu juu, nikaridhika. Nilipolinyanyua, nikabonyeza plaiwudi ya chini kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye mkate uliochovywa chai. Kwa hiyo bonyeza kila mahali, hasa chini ya tundu la hewa la paani. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu: vaa barakoa, kimwagie maji ya jiki kwanza. Na mpira wa gesi ukiuona una alama ya meno, nakuomba uutupe, nunua mpya.