Mzee Plastiki hajawahi kuvaa sweta

Juzi nilipita maabara ya stadi nikakuta wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu wamemzunguka Mzee Plastiki, mdoli wa mazoezi anayetoa sauti za moyo. Mwalimu kabonyeza tu namba ya kesi, dogo mmoja kadakia: "Vali ya mitrali imebana!" (mlango mmojawapo wa damu ndani ya moyo). Stethoskopu bado inaning'inia shingoni. Nikacheka nao, kisha nikaumia. Nilikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo wadogo zangu, mnaposikiliza kifua kumbukeni haya:

1. Vipuli vya masikioni vielekee mbele. Kila mwaka yupo anayevigeuza, halafu anasema chombo kibovu.

2. Gonga diaframu (uso bapa wa stethoskopu) kwanza. Kama imegeuziwa upande wa kengele (ule uso mdogo wenye shimo), utaandika pafu halipitishi hewa wakati mgonjwa anapiga soga.

3. Mdoli msimzoee. Yeye hana sweta mbili za Julai ya Dodoma, haongei Kigogo, na spika ya murmuri (mvumo wa moyo usio wa kawaida) imefichwa palepale kila siku.

Nikiwa intern nilipokea mama mjamzito wa miezi saba. Anakohoa, usiku analala ameketi. Nikamsikiliza juu ya kitenge, kwa diaframu, sekunde kumi hivi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "S1, S2, hakuna murmuri," yaani sauti ya kwanza na ya pili ya moyo tu, basi. Nimonia, antibiotiki, nikaenda kula. Kesho yake kwenye raundi daktari bingwa alisoma faili, hakusema kitu. "Mama, samahani, geukia kushoto kidogo." Akasogeza kitenge, akagusisha kengele kwenye apeksi (ncha ya moyo) bila kukandamiza, akamwambia atoe pumzi, kisha akanivika stethoskopu yake mwenyewe. Ngurumo nzito, ya mbali, kama lori linalopanda mlima usiku. Sauti ile kwa Mzee Plastiki nilikuwa naitambua hata nikiwa na usingizi! Homa ya rumatiki ya utotoni ilishaharibu vali. Mimba ilipoongeza damu, moyo ukazidiwa. Mama akaniuliza, "Daktari, umesikia nini?" Alijifungua salama, lakini usiku ule mmoja aliokaa akihema bila furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) ni wangu.

Kwa hiyo wagonjwa wageuzeni. Wavueni nguo kwa adabu, pazia limefungwa.

4. Shika mshipa wa shingo unaposikiliza. Pigo linaloendana nao ni S1.

5. Zima feni, waombe ndugu wanyamaze. Na ukifumba macho, mweleze mgonjwa kwanza. Bibi mmoja wa Kongwa alidhani namwombea, nimeikaribia kabisa murmuri, akaitikia "Amina!" kifua kizima kikalia masikioni mwangu. Nikaanza upya.