Viatu vya Krismasi vilivyotakiwa kurudi Dar

Bwana Yesu asifiwe wahariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza tufanye nini ili watoto wetu wadogo kipindi cha Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, waingoje sikukuu kwa furaha ya imani, siyo kungoja zawadi na pilau tu. Mi huwa nasoma majibu ya wenzangu napita zangu, ila hili limenigusa pabaya, maana nafundisha shule ya Jumapili usharikani kwetu huku Dar na kila Novemba ikiisha wazazi wananiambia maneno hayohayo, mwalimu wafundishe hawa watoto maana ya Krismasi, wanajua nguo mpya tu. Sasa hiyo nguo mpya wameijulia wapi? Mtoto wa miaka minne hajawahi kwenda Kariakoo peke yake. Ni wewe uliyemwambia asipokula ugali hanunuliwi ya sikukuu.

Kwa maoni yangu kungoja kwa furaha mtoto hafundishwi. Anakuja nako. Mwambie Jumatatu kwamba Jumamosi mnaenda kwa shangazi uone kama utapumzika, leo ndo Jumamosi? kesho je? mpaka ujute kufungua mdomo. Shida ni Jumamosi ikifika ukasema mama amechoka tutaenda siku nyingine, na hiyo siku nyingine haipo. Tunaahidi ili mtoto anyamaze, halafu Jumapili unamleta kwangu nimwambie Mungu aliahidi kwa kinywa cha manabii na akatimiza. Atanisikiliza, ataimba, atapokea biskuti yake. Ila neno ahadi kwake limeshachuja.

Na hiyo habari kwamba watoto wanangoja vitu tu, mi siikubali kabisa, ngoja niwape ya nyumbani kwetu, mnivumilie ni ndefu kidogo.

Tulikuwa tunakaa kwa bibi kule Machame, Kilimanjaro, miaka ya themanini mwishoni, baba anafanya kazi Dar. Mnajua wenyewe watani wanavyosema sisi Wachaga Desemba tunarudi kwetu kuhesabiwa, basi baba naye aliandika barua mapema, ilifika karibu na sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, kwamba tarehe 23 Desemba atashuka na basi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hata shule hajaanza. Tarehe hajui, kalenda hajui, kila asubuhi anamuuliza bibi ni leo? Bibi hakuwa na muda wa maelezo. Alimpeleka bandani akamwonyesha mbuzi tuliyekuwa tunamnenepesha kwa ajili ya sikukuu, akamwambia huyu akianza kubanwa na mlango wa banda, ujue baba yako yuko njiani. Na akampa kazi ya kumlisha. Basi huyu mtoto alikata majani kuliko sisi wakubwa, maganda ya ndizi yote yake, na kila jioni anamtoa mbuzi anamrudisha ndani ili aone kama anagusa mlango. Mara aje anakimbia bibi ameguuusa! Hata siku nyingine mbuzi alikuwa amegeuka tu vibaya. Sisi wengine tulipewa kufagia uani na kutoa majani makavu mgombani kila upande wa njia, maana bibi alisema mtu akitoka mbali aione nyumba akiwa kule chini.

Tarehe 23 tukaenda barabarani. Basi likaja limejaa mpaka keria, watu wanashuka, kelele, magunia, kila mtu anakumbatiwa na wake. Kondakta akaita jina la bibi akatupa boksi limefungwa kamba ya katani. Baba hakushuka. Ndani mlikuwa na mchele, sabuni, kitenge cha bibi, karatasi inayosema likizo imezuiwa kazini, na viatu vya mdogo wangu vimefungwa kwenye gazeti, vyeusi, vinanuka gundi. Kijijini kwetu viatu vile kwa mtoto wa umri ule ilikuwa habari. Yeye hakuviangalia. Alikuwa anaangalia mlango wa basi mpaka likaondoka.

Usiku akavichukua akavifunga upya kwenye gazeti lake, akamwambia bibi kesho tumpe kondakta virudi Dar, vikirudi baba itabidi avilete mwenyewe. Tulicheka sana. Shangazi akasema huyu amedekezwa anahitaji fimbo. Bibi hakucheka, akaviweka juu ya kabati akasema mabasi ya kurudi yataanza baada ya sikukuu. Krismasi yenyewe mtoto akaenda kanisani na kandambili zina matope, na alikuwa na nafasi kwenye igizo la watoto, mmoja wa wachunga kondoo. Mwinjilisti alipoambiwa kisa chote akasema mwacheni, kwani wa Bethlehemu walivaa viatu gani. Baba alikuja Pasaka. Viatu vilikuwa vimeshaanza kubana, akavivaa hivyohivyo siku zote baba alizokuwepo, alipoondoka tu akampa binamu yetu.

Sasa mtoto huyo mniambie alikuwa anangoja zawadi? Zawadi alipewa mkononi akaikataa, alikuwa anangoja mtu. Ni sisi wakubwa tunaotuma boksi.

Ila nikisoma nilichoandika hapo juu naona bibi naye alikuwa anafundisha, tena kwa mpango. Furaha ilikuwepo yenyewe, sawa, lakini ingekosa pa kushika ingegeuka kilio tu cha kila asubuhi. Mbuzi ndiye aliyekuwa kalenda na kazi yenyewe. Na hapa lazima niseme kuhusu lile taji la Majilio, la majani mabichi na mishumaa minne, ambalo siku zote nimeliona ni mambo ya watu wa nchi za baridi. Kumbe mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern pale Hamburg mwaka 1839 alikuwa na tatizo la bibi yangu kabisa. Analea watoto wa maskini, kila siku wanamuuliza Krismasi bado? Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni akapanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku unawashwa mwingine. Kwa hiyo lilianza kwa ajili ya watoto, siyo pambo la madhabahu.

Basi jibu langu, japo nilianza kwa kukataa: wafundisheni, washeni mishumaa. Ila mtoto mwenyewe ndiye awashe, mkubwa amshike mkono, maana nyumba zetu pazia na mshumaa haviko mbali. Majirani zangu Wakatoliki wana mmoja wa rangi ya waridi wa Jumapili ya tatu, ya furaha, na watoto wao wanaujua huo kuliko mitatu ya zambarau, nami nawaonea wivu. Hadithi anzeni na ya Elizabeti, Luka 1, mtoto anaruka tumboni kwa shangwe kwa sababu mtu amebisha hodi, Mariamu mwenye mimba ya Yesu, wadogo wanaipenda sana hiyo wanaigiza mpaka wanaanguka. Ya Simeoni na Ana msiiruke, wazee waliomngoja Mwokozi mpaka wakazeeka, maana wapo watoto ambao baba hatashuka kwenye basi mwaka huu na nao wako darasani. Habari ya Bwana kurudi mara ya pili, ambayo nayo ni ya Majilio, mi kwa walio chini ya miaka sita naigusa kidogo tu, wengine hawalali, ingawa najua mchungaji wangu hatanikubalia hapo.

Na kama umeahidi Jumamosi kwa shangazi, nenda hata kama umechoka. Ile kalenda ya chokoleti, ya kufungua kijidirisha kimoja kila siku mpaka Krismasi, mliyoitangaza ukurasa huohuo wa swali, hiyo bado nakataa. Labda iwe imeletwa na bibi yao, hapo sitaki ugomvi na mama mkwe.