Kabla hujanunua rangi: ushauri kwa mwenye mashua kuukuu

Ukirithi mashua ya mbao Lamu, kila apitaye ufukweni atakuwa na ushauri wake, na wengi wataanza na rangi. Waitikie kwa adabu, lakini usinunue hata mkebe mmoja. Sisi tulifufua mashua ya marehemu baba, chombo kilichozoea kubeba mchanga na mawe ya kujengea kutoka kisiwa cha Manda, na fedha nyingi ziliishia kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, misumari na kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, vitu ambavyo mpita njia havioni. Rangi ilikuja mwisho, kwa salio.

Wazee wa visiwa hivi walikuwa na mitepe, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake mkeka wa pembe nne. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa inatoweka, na kilichobaki machoni petu ni yale macho ya duara unayoyaona kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, za majahazi ya Lamu. Majahazi hayo ya misumari yalipeleka boriti za mikoko Arabuni kwa upepo wa kusi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kamba za mtepe zikichoka, mtu alishona upya. Msumari ukishika kutu hula mti unaouzunguka, ukauacha mweusi na laini kama tende. Hapo ndipo ukaguzi wako uanzie.

Pandisha chombo wakati wa bamvua, maji yakupeleke juu kabisa, ukiegemeze kwa magadi, yaani nguzo za kukishikilia, pande zote mbili. Wengi hufanya hivyo kusi ikichachamaa, uvuvi ukiwa umepungua. Kisha mwite fundi. Wetu ni mzee wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu, na siku ya kwanza hakushika tezo, shoka dogo la kuchongea. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga ubao mmoja mmoja, kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma. "Sikiza, mwanangu," akaniambia. Ubao mzima ulilia wazi, uliooza ulijibu kwa sauti nzito ya chini. Akichoma kisu hapo, kilizama. Ajabu ni kwamba sehemu mbovu zaidi hazikuwa chini kwenye maji ya chumvi. Zilikuwa juu, karibu na sitaha, ambako maji ya mvua yalikuwa yakituama. Mvua huozesha mti kuliko bahari, kwa hiyo chombo kilichopandishwa kifunike kwa makuti, na mbao uzimwagie maji ya bahari zisipasuke kwa jua.

Taruma lililooza libadilishwe moja moja, jirani zake zikiwa bado zimeshika. Ukiyang'oa yote kwa pupa, ubavu unalegea na chombo kinapoteza umbo, na hakuna gadi itakayolirudisha. Mti wa taruma utafutwe wenye pindo lake la asili. Mlilana, aina ya mkoko, ni mzuri kwa hilo. Pindo la kukatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hupasuka mapema, maana nyuzi za mti zimekatwa njiani. Lakini usiingie mikokoni na shoka lako. Kukata mikoko kunahitaji kibali cha idara ya misitu, na serikali iliposimamisha ukataji Februari 2018, wakataji wa Lamu nao walikwama. Uliza kibali kwanza, ndipo upange na fundi tarehe.

Misumari iwe iliyochovywa zinki, hata kama bei inauma. Fundi anayejua kazi hutoboa kwanza kwa keekee, kisha huzungusha pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuupigilia. Ukimwona anapigilia kavukavu, msimamishe hapo hapo, usione haya, chombo ni chako.

Kwenye kalafati, mimi sikubali njia ya mkato. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa uzi, ikasukumwa kwenye mwanya kwa patasi butu, pigo baada ya pigo, mpaka mlio wa nyundo ubadilike. Nimeona watu wakijaza nyufa kwa gundi za madukani zinazokauka kama jiwe. Mbao hupumua, huvimba na kusinyaa, na gundi ile hung'oka kipande kizima. Baada ya kalafati, wengine huchoma makuti chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha hupaka deheni, yaani shahamu na chokaa, sehemu yote itakayokaa majini. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake itakaa na nguo zako kwa siku nyingi, na majirani watalalamika, waache walalamike.

Kuhusu mashine, kama kazi yako inakulazimisha, weka. Ila jua kwamba mtetemo wake hufungua miungo ya mbao za tezi kwanza, kwa hiyo kalafati ya upande huo utaikagua mara nyingi zaidi. Wakaguzi wa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, pia watataka kuona makoti ya kujiokolea na usajili, na wewe mwenyewe unayataka makoti hayo kuliko wao.

Ukishusha chombo majini, kitavuja. Usipayuke, wala usimpigie fundi simu usiku. Mbao zilizokauka zinahitaji kunywa kwanza, na maji yatakayojaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ni ya kutekwa tu huku zikivimba na kubanana. Miungo inayozidi kutiririka baada ya siku kadhaa ndiyo ya kumwonyesha fundi. Farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, zipakiwe baada ya hapo, kidogo kidogo, na usiweke tanga juu mpaka uone chombo kimesimama sawa bila kulalia upande mmoja.