"Nimeshaomba, mama. Sasa niseme nini?"

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na mimi nilikuwa na magunia kumi na manane hapa Busia, upande wetu wa mpaka. Mwezi huohuo kijana wangu wa kwanza alikuwa anafanya mtihani wa kidato cha nne, ule wa mwaka 2020 uliosogezwa mbele na korona. Alikuwa amekaa miezi nyumbani bila kuona ubao.

Jioni moja, kesho yake kukiwa na hesabu, nilimkuta nyuma ya nyumba amekalia ndoo iliyopinduliwa, anabandua rangi ya ukuta kwa ukucha. Nikamwuliza kulikoni.

"Kichwa kimejaa, mama. Nasoma, hakuna kinachoingia."

"Omba tu, mwanangu."

"Nimeshaomba. Sasa niseme nini?"

Nikajifanya sikusikia, nikaingia jikoni kusonga ugali. Wakati huo nilikuwa na miaka sita nikifundisha vijana kanisani, na masomo juu ya maombi nilikuwa nayo daftari zima.

Swali lake lilinikera kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu. Lile "omba tu" langu lilikuwa njia ya kumnyamazisha ili nirudi kwenye mawazo ya magunia. Mtoto anajua, hata asiposema. Kijana wangu hakuniletea shida yake nyingine mwaka mzima.

Nikaanza kusikiliza vijana wetu wanavyoomba. Wanaomba kama wazee wa kanisa: "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa siku hii njema." Sasa mtoto ambaye siku yake si njema aanzie wapi? Nikawafungulia Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Msichana mmoja akauliza kama inaruhusiwa kumsemesha Mungu hivyo. Nikamwambia aguse ukurasa kwa kidole, aone kama imeandikwa au haijaandikwa. Darasa likacheka, lakini jioni hiyo waliomba maombi ambayo sijawahi kuyasikia kanisani kwetu. Karo. Baba anayelewa. Titi moja limekua kuliko lingine. Mengine nitayaacha hukohuko.

Kisha kuna Eliya, 1 Wafalme 19. Amekimbia, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwamsha ale mkate na anywe maji, analala tena, anaamshwa mara ya pili ale. Kwa hiyo mtoto akija amelemewa, mimi siku hizi naweka chai kwanza. Namwacha aongee mpaka aishiwe, ndipo namwuliza, "Tumwambie Mungu lipi kati ya hayo?" Anachagua moja. Tunaomba hilo tu, dakika mbili, kwa Kiswahili chake cha mtaani. Wazazi wengine wananiona nimelegea. Sawa.

Lililonigharimu zaidi lilikuwa kuomba mbele ya watoto wangu nikiwa mimi ndiye nimeshindwa. Nilikuwa nalilia chooni na bomba limefunguliwa. Siku mnunuzi aliponirudishia mzigo mzima kwa sababu umepata unyevu, nilikaa sebuleni nikasema kwa sauti, "Mungu, mahindi yamerudi, na nina hasira, hata na wewe nina hasira kidogo." Binti yangu aliyekuwa anapasi sketi aliacha pasi hewani. Hakusema kitu. Akamaliza sketi.

Niongeze hili kwa haraka kwa sababu ni la lazima: mtoto asiyelala wiki kadhaa, asiyekula, au anayetaja kufa, ombeni naye mkiwa njiani kwenda hospitali. Namba ya bure ya watoto hapa Uganda ni 116. Kupiga simu hakupunguzi imani ya mtu.

Huyo binti alifanya kidato cha nne 2024, wa kwanza kutahiniwa kwa mtaala mpya, na hata walimu walikuwa wanapapasa. Bweni lao haliruhusu simu. Kabla hajaondoka tulichagua pamoja mstari mmoja wa kushika, Zaburi 61:2, "nitakulilia nikizimia moyo," na nikamwambia akishindwa kuukumbuka aseme tu neno moja, "Bwana," avute pumzi, aseme tena.

Aliporudi Novemba nilikuwa napanga vitu vya sandukuni, nikafungua nyuma ya daftari la kemia. Aliandika kwa penseli, siku baada ya siku. Sikusoma yote, si yangu. Niliona mstari mmoja tu kabla sijafunga:

"Bwana, nimelemewa. Na uji wa leo ulikuwa na mchanga."