Malaria haina mnyoo, lakini ni ugonjwa wa vimelea

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini malaria inaitwa ugonjwa wa vimelea ilhali haina mnyoo, na kama dawa moja ya minyoo inamaliza vimelea vyote. Haimalizi, na tafadhali usiitegemee hivyo.

Vimelea, yaani viumbe vinavyoishi ndani au juu ya mwili wa kiumbe kingine na kujilisha kwake, kwa binadamu vina makundi makuu matatu. Protozoa ni viumbe vya seli moja, visivyoonekana kwa macho. Kwa desturi hutofautishwa kwa namna vinavyosogea: amiba hujivuta kwa miguu ya bandia, jiadia huogelea kwa vijimkia vyembamba. Vimelea vya malaria vimo humu. Huzaliana ndani ya mwili, ndiyo maana vichache tu alivyoingiza mbu vinaweza kumfanya mtu awe mahututi.

Minyoo ni tofauti kabisa. Wengi hutaga mayai ambayo lazima yatoke nje ya mwili kwanza, hivyo idadi yao huongezeka mtu anapoambukizwa tena na tena. Wapo wa mviringo kama safura, wa pingili kama tegu, na jamii ya minyoo bapa isiyo na pingili, mmojawapo akiwa wa kichocho. Dawa ya minyoo iitwayo albendazoli humwondoa safura, lakini kichocho hutibiwa kwa dawa nyingine, prazikwanteli.

Kundi la tatu hukaa kwenye ngozi: chawa, kupe, viroboto na vijidudu vya upele.

Kwa hiyo pima kabla ya kumeza chochote: damu kwa malaria, choo kwa minyoo ya tumbo, mkojo kwa kichocho cha kibofu. Kama una mimba, mwambie daktari mapema.