Wasomaji wanauliza: viwanja vya michezo vya vyuo vikuu

SWALI: Kwa nini baadhi ya viwanja vya zamani vya vyuo vikuu vya Marekani huonekana vifupi kwa nje, lakini ukiingia unakuta sehemu ya kuchezea iko shimoni?

JIBU: Ni kwa sababu udongo hugharimu kidogo kuliko zege. Yale Bowl, uwanja wa Chuo Kikuu cha Yale uliofunguliwa New Haven mwaka 1914, ulichimbwa katikati, na udongo uliotoka ukarundikwa pembeni kuwa tuta la kubeba viti. Kila ukichimba unapata kimo mara mbili: shimo linazidi kushuka na tuta linazidi kupanda. Watazamaji hupita kwenye mahandaki 30 yaliyotoboa tuta na kutokea katikati ya majukwaa. Wengine wanashuka, wengine wanapanda, na msongamano kwenye ngazi unapungua.

Ila tuta lazima lishindiliwe tabaka kwa tabaka, sentimita 20 hadi 30 kila mara. Udongo ukimwagwa wote kwa mkupuo utatitia baadaye, na zege lililolala juu yake litapasuka. Maji yakiingia kwenye nyufa, nondo zinashika kutu. Kutu huvimba na kulibandua zege vipande vipande.

Tena kuna maji ya chini ya ardhi. Uwanja wa Ohio State, wa mwaka 1922, uko jirani na mto Olentangy. Katika ukarabati uliokamilika 2001, sehemu ya kuchezea ilishushwa zaidi ya mita 4, na ikabidi uzungushwe ukuta wa chini ya ardhi wa kuzuia maji. Bila ukuta huo, shimo lingegeuka kisima.

Mfano unaopendeza macho kuliko yote, kwa maoni yetu, uko Mexico: uwanja wa chuo kikuu cha UNAM wa mwaka 1952, ambao matuta yake yamevikwa mawe ya volkano na umbo lake lote ni kama kasoko. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifunguliwa hapo.

SWALI: Ni kweli uwanja wa Harvard ulibadili sheria za mpira wa Kimarekani?

JIBU: Ulichangia. Ulijengwa 1903 kwa zege lenye nondo, umbo la kiatu cha farasi. Baada ya msimu wa 1905, ambapo wachezaji kadhaa walikufa, lilitolewa pendekezo la kupanua eneo la kuchezea kwa futi 40, yaani kama mita 12, ili watu wasirundikane. Harvard hapakuwa na nafasi hiyo katikati ya majukwaa, na zege halisogezwi. Badala yake, mwaka 1906 ikaruhusiwa pasi ya mkono ya kwenda mbele.

SWALI: Chuo chetu kinataka uwanja mmoja wa soka na riadha. Tuangalie nini?

JIBU: Anzeni nyuma ya goli. Njia ya kawaida ya riadha ya mita 400 ina kona zenye nusu kipenyo cha mita 36.5 na sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unaenea ndani yake, lakini kwa shida kwenye pembe. Vijia vinane vya wakimbiaji, kila kimoja mita 1.22, vinachukua mita 9.76. Kwa hiyo shabiki wa pembeni atakaa angalau mita 12 kutoka kwenye mstari, na wa nyuma ya goli mita 36. Ndiyo maana Ohio State waliiondoa njia yao ya riadha katika ukarabati uleule. Kama riadha ni lazima, wekeni majukwaa makubwa pembeni, na nyuma ya magoli muache wazi.

Kisha pimeni jinsi watazamaji watakavyoona. Tuseme mtu amekaa mita 16 kutoka mstari wa pembeni, macho yake mita 4 juu ya nyasi. Aliye nyuma yake yuko sentimita 80 zaidi na ameinuliwa sentimita 30: anapoutazama mstari huo, macho yake yanapita milimita 95 juu ya macho ya wa mbele. Hapo ni pazuri. Punguzeni kimo cha ngazi kiwe sentimita 25, zinabaki milimita 48, ilhali 60 ndicho kiwango cha chini, na 120 ndicho kinachomwezesha kuona juu ya kichwa cha mwenzake bila kuhangaika. Mkipewa mchoro, dai hesabu ya safu ya juu kabisa, si ya kwanza. Jukwaa likiwa na mteremko uleule toka chini hadi juu, nafasi hiyo hupungua kadiri unavyopanda.