Ofisi moja, mshahara mmoja, mbona mmoja kanuna?

Mkuu, umeuliza inakuwaje watumishi wawili wa umma wenye daraja moja, mmoja aje kazini anapiga mluzi na mwingine ahesabu siku za kustaafu. Nimekaa masijala miaka 17, sita ya mwisho nikiwa msimamizi, basi nasema niliyoyaona.

Wengi humu mmejibu "mshahara". Mshahara unauma, sikatai, ila hauelezi tofauti ya watu wanaolipwa sawasawa.

Nilikuwa na vijana wawili. Wa kwanza mtu wa utaratibu: faili likipungua karatasi moja, hatoki mpaka ipatikane. Kanuni zilizotuchosha sisi, yeye zilimtuliza. Wa pili kila Jumatatu ana wazo: tubadilishe rejista, tupange majalada kwa rangi. Jibu likawa lilelile, "lete kwa maandishi", kisha kimya. Mwaka wa pili akaanza kuchelewa. Tukamwita mvivu, na wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi. Alipopelekwa kwenye kazi ya kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta, ikawa jioni mlinzi ndiye anamtoa ofisini.

Wanasaikolojia hutaja tabia kuu tano: umakini na bidii, uchangamfu, upole, udadisi, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakapima uhusiano wa kila tabia na kuridhika na kazi (sifuri ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili, na alama ya kutoa maana yake tabia ikizidi, kuridhika kunapungua). Wasiwasi ulipata -0.29, bidii 0.26, uchangamfu 0.25. Udadisi? 0.02, karibu na sifuri. Kwa macho yangu, udadisi hutegemea umekalishwa dawati gani. Na namba zenyewe si kubwa kiasi cha kumhukumu mtu.

Wasiwasi ndio niliouona ukila watu. Dada mmoja wa mapokezi, mchapakazi kweli, kila tusi la mwananchi alikwenda nalo nyumbani. Jirani yake dirishani alitukanwa vilevile, akacheka, akaita "anayefuata!" Yule dada hakuichukia kazi, alilichukia dirisha. (Upole nao una gharama: mpole hubebeshwa kazi za wote, siku akikataa anaitwa mjeuri.)

Siku hizi akiletwa mtumishi mpya, mwezi wa kwanza namzungusha madawati yote. Naangalia tu ni lipi akikaa anasahau kutazama saa.